Maswali Yenu ya Kompyuta: Stima Ikikatika, Flashi Ikiugua, Chumvi Ikiingia

Barua za awamu hii zimetoka Lamu, na nyingi zina shida moja. Mwanafunzi anaweza kutaja sehemu za kompyuta kwenye karatasi ya mtihani bila kukosea, lakini mashine ikigoma mbele yake hajui ni sehemu ipi iliyogoma. Kwa hiyo katika kila jibu tumeanza na sehemu inayohusika na kazi yake, ndipo tukaja kwenye dawa.

Assalam aleikum. Nilikuwa nikichapa mradi wangu katika maabara ya shule, stima ikakatika, kurasa sita zikapotea. Kompyuta yenyewe ina gigabaiti 500. Mbona haikuzihifadhi?
*Mwanafunzi wa kidato cha nne, Langoni*

Waaleikum salaam. Hizo gigabaiti 500 ni za diski, na kurasa zako zilikuwa hazijafika huko. Unapochapa, herufi hukaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ambayo prosesa huitumia wakati wa kazi. RAM ya kompyuta nyingi za shule ni gigabaiti 4 au 8 tu. Ndani yake kila biti, yaani 0 au 1, hushikwa na chaji ndogo mno ya umeme, na chaji hiyo ni kama maji kwenye mtungi unaovuja: lazima ijazwe upya kila baada ya milisekunde 64 au chini ya hapo. Stima ikikatika hakuna wa kuijaza, na papo hapo kila kitu kinafutika. Diski haitegemei kujazwa. Ile ya sahani huandika kwa sumaku, na SSD, diski ya chipu isiyo na sahani, hunasa chaji mahali isipovuja kwa urahisi, kwa hiyo kilichoandikwa hubaki hata mashine ikizimwa.

Unapobonyeza Ctrl na S, unaiambia kompyuta itoe nakala kutoka RAM iipeleke diski. Fanya hivyo kila unapomaliza aya, na faili ipe jina mwanzo kabisa, kabla hujaandika mstari wa pili. Word nayo huweka nakala ya dharura kila dakika 10. Muda huo ni mrefu kwa mji ambao stima hukatika bila taarifa. Fungua “File”, kisha “Options”, kisha “Save”, ubadilishe 10 iwe 2.

Kurasa zako usizikatie tamaa bado. Washa kompyuta ileile na ufungue Word. Kukiwa na nakala ya dharura, huonekana upande wa kushoto. Kama hukuwa umeipa faili jina, nenda “File”, “Info”, “Manage Document”, halafu “Recover Unsaved Documents”. Fanya hivyo leo, kwa sababu nakala hizo hufutwa baada ya siku chache.

Neno kwa walimu wa maabara: UPS (betri ya akiba ya kompyuta) ya VA 650 huipa kompyuta moja ya mezani na skrini yake dakika chache tu. Kazi ya dakika hizo ni kuhifadhi na kuzima, wala si kuendelea na somo. Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS hata siku moja, maana sehemu yake ya kupasha moto huvuta mamia ya wati kwa mkupuo na UPS hujizima. Na stima ikienda, chomoeni zile zisizo na UPS. Stima inaporudi, volti hupanda na kushuka kwa muda kabla ya kutulia kwenye 240, na hapo ndipo vifaa vya umeme vya kompyuta huungua.

Nimenunua flashi ya GB 16, kompyuta inaonyesha 14.9. Nimepunjwa?
*Mwanafunzi wa kidato cha pili, Mkomani*

Hapana. Mwenye kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu kwa vipeo vya 2, kwa hiyo gigabaiti yake ni baiti 1,073,741,824. Gawa 16,000,000,000 kwa hiyo 1,073,741,824 utapata 14.9. Kwenye mtihani andika kilobaiti moja ni baiti 1,024, kama ulivyofundishwa.

Kupunjwa kwenyewe ni kwingine. Kuna flashi zinazouzwa kwa bei ya kutupa zikiwa zimeandikwa terabaiti 1, na hata kompyuta inasoma 1. Ndani ni gigabaiti chache, chipu imefundishwa kudanganya. Faili za kwanza hukaa vizuri, zinazofuata huharibika kimyakimya. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza flashi nzima na kuisoma tena, na uongo hutoka hapo. Ipime kabla hujaweka kitu chochote, tena kabla siku za kurudisha bidhaa dukani hazijaisha.

Folda zote kwenye flashi yangu zimegeuka shotikati zenye kimshale. Fundi wa saiba anasema aifomati, lakini ndani kuna kazi ya muhula mzima. Nifanyeje?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Shela*

Mwambie asubiri. Kufomati ni hatua ya mwisho. Kazi yako bado imo, imefichwa tu.

Kirusi cha aina hii hufanya mambo mawili. Kwanza huzipa folda zako alama ya kufichwa na alama ya faili za mfumo, ili Windows isizionyeshe. Kisha hutengeneza shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya, shotikati huendesha kirusi kwanza, halafu hufungua folda halisi, nawe hushuku lolote. Tangu Windows 7, kompyuta haiendeshi programu ya flashi yenyewe pindi inapochomekwa, kwa hiyo kirusi kinategemea kidole chako. Usibofye shotikati hata moja.

Tafuta kompyuta iliyo safi yenye kinga ya virusi iliyosasishwa. Chomeka flashi na utazame imepewa herufi gani. Hapa tuseme ni F. Fungua “Command Prompt”, dirisha la kuandikia amri, kisha andika mstari huu kama ulivyo, pamoja na nafasi zake:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Bonyeza Enter, usubiri hadi herufi za kuandikia zirudi. Zile -h, -r na -s huondoa alama ya kufichwa, ya kusomwa tu na ya mfumo. /s huingia folda za ndani, na /d huzigusa folda zenyewe. Makosa mengi hutokea kwenye nafasi: ukiunganisha -h na -r, kompyuta itakuambia haielewi. Na ukikosea herufi ukaandika C, utakuwa unavuruga alama za faili za Windows yenyewe, kwa hiyo isome mara mbili kabla ya Enter.

Sasa fungua flashi. Huenda ukaona folda isiyo na jina kabisa. Baadhi ya virusi hivi husukumia kila kitu humo. Nakili hati zako pekee, zinazoishia na .docx, .xlsx, .pdf na picha. Zinazoishia na .lnk, .vbs, .js au .exe ziache zilivyo. Ili uone miishio hiyo, washa “File name extensions” kwenye menyu ya “View”. Hati zikishakaa salama na umezifungua moja moja kuhakikisha, hapo mpe fundi ruhusa ya kufomati.

Wengi wanakwama baada ya hapo: flashi imesafishwa, kesho imeugua tena. Mgonjwa halisi ni kompyuta uliyoichomekea, ya saiba au ya nyumbani, na kila flashi inayopita hapo huambukizwa. Kwenye kompyuta hiyo fungua “Windows Security”, ingia “Virus & threat protection”, “Scan options”, uchague “Microsoft Defender Offline scan”. Mashine itazima na kuwaka yenyewe, na ukaguzi huchukua kama robo saa kabla Windows haijaamka, wakati ambapo kirusi hakina pa kujificha.

Kompyuta ya mezani iliyo nyumbani kila asubuhi inaonyesha mwaka 2009, na tovuti zinakataa kufunguka. Pia siku nyingine haiwaki, inalia piii piii. Tunakaa karibu na bahari.
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Faza*

Hizo ni shida mbili. Tarehe ni betri. Juu ya bodi mama, ile bodi kuu inayounganisha sehemu zote, kuna betri ya duara, CR2032, ya volti 3, yenye upana wa milimita 20. Ndiyo inayoendesha saa wakati kompyuta haina stima. Ikifa, saa hurudi kwenye tarehe ya kiwandani kila ukichomoa waya. Tovuti zinakataa kwa sababu kila moja huonyesha cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kompyuta inayoamini ni 2009 huona vyeti hivyo havijaanza kutumika, ikakuonya kwamba muunganisho si salama. Intaneti yenu haina kosa.

Zima, chomoa waya ukutani, halafu bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 ili umeme uliosalia umwagike. Gusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwili wako uondoke. Fungua ubavu, sukuma kishikizo kidogo cha pembeni, betri itaruka juu. Weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu, kisha rekebisha tarehe. Betri ya zamani usiiache mezani. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kumchoma ndani kwa muda wa saa 2 tu, na huyo ni wa kukimbizwa hospitali mara moja.

Ule mlio mara nyingi ni RAM isiyogusana vizuri na nafasi yake, na hapo ndipo bahari inapoingia. Upepo wa pwani hubeba chembe za chumvi. Unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75, chumvi hufyonza maji hadi ikayeyuka, na hewa ya kwetu hufika hapo mara nyingi, hasa usiku. Maji hayo ya chumvi hupitisha umeme na kula shaba. Chomoa RAM kwa kufungua vishikizo vya pande zote mbili, ishike kwa kingo zake, na usugue meno yake ya rangi ya dhahabu polepole kwa raba nyeupe ya kufutia penseli. Pangusa kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili, subiri ikauke, irudishe mpaka vishikizo vilie “tak”. Msasa na kisu ni haramu hapo: dhahabu ile ni utando mwembamba sana, ukiuondoa umeiacha shaba wazi na kutu itarudi upesi.

Iwekeni mbali na dirisha linalotazama maji. Ifunikeni kwa kitambaa cha pamba baada ya kupoa. Nailoni hufungia joto na unyevu ndani.

Katika Excel, fomula yangu ni sahihi kwenye mstari wa kwanza, nikiivuta chini inatoa 0.
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Mokowe*

Umetutumia jedwali la mauzo ya samaki: mauzo yako safu ya C, na ushuru wa asilimia 5 uko seli E1. Umeandika =C2*E1. Ukiivuta chini, Excel husogeza kila anwani, ikawa =C3*E2, na E2 ni tupu. Andika =C2*$E$1. Alama ya dola huipigilia E1 mahali pake. Ukiwa juu ya E1 ndani ya fomula, F4 huziweka dola zote mbili. Kwenye kompyuta ndogo nyingine ni Fn na F4 pamoja. Kilo 12 kwa shilingi 450 ni 5,400, na ushuru wake 270: pima kwa hesabu ya mkono kabla ya kuvuta.

Tumeona pia kosa ambalo hukuuliza. Bei tatu umeziandika 450/= kama kwenye risiti. Excel huona maandishi, si namba. Ukizidisha utapata #VALUE!, lakini SUM ni hatari zaidi kwa sababu huziruka bila kukuambia, ukapata jumla pungufu inayoonekana nzuri. Ishara yake ni ndogo: namba hujipanga kulia kwa seli, maandishi kushoto. Andika 450 tupu.

Kompyuta ndogo ya mwanangu ilimwagikiwa na maji ya bahari kwenye boti ya kutoka Mokowe. Nimeiweka ndani ya mchele. Niiwashe lini?
*Mzazi, Lamu mjini*

Mama, usiiwashe, na mchele utoe. Mchele hauondoi chumvi, na chumvi inaendelea kula bodi hata maji yakikauka. Kama betri inatoka, itoe sasa; chaja isiguswe. Ipeleke kwa fundi leo hii na umwambie wazi ni maji ya chumvi, kwa sababu dawa yake ni kuifungua, kuiosha bodi kwa maji yaliyotoneshwa (distilled water) kisha isopropili, na kuikausha kabisa kabla ya kuipa stima. Akisema bodi imekufa, mwombe aitoe diski na kuisoma kwa kebo ya USB kwenye kompyuta nyingine. Mara nyingi kazi za mtoto huwa bado zimo.