Kwa mwanangu, kuhusu hayo masaa ya tiketi

Mwanangu,

Nimeona picha ya tiketi umenitumia, ati unatoka Nairobi saa sita usiku unafika New York saa moja asubuhi, hiyo ni masaa saba, halafu kurudi unatoka huko saa sita mchana unafika kesho yake saa nne asubuhi, masaa ishirini na mbili, sasa unauliza kama wamekosea. Hawajakosea. Tiketi huandikwa na saa ya mahali ndege iko, ikiondoka ni saa yetu, ikitua ni saa yao, na hii Januari sisi tuko mbele yao masaa nane. Saba ongeza nane ni kumi na tano. Ishirini na mbili toa nane ni kumi na nne. Hayo ndio masaa utakaa kwa kiti.

Ukirudi baada ya Machi katikati utapata tofauti ni masaa saba, hao husongesha saa mbele kwa saa moja mchana wao ukirefuka, sisi hatuna hayo maneno, ikweta si imepita hapo tu Maseno, mchana wetu ni ule ule mwaka mzima.

Na ni mbali kweli. Karibu kilomita 11,800, yaani hata ukipita njia fupi kabisa, ukifika Morocco ndio nusu, halafu iliyobaki ni Atlantiki tu. Angalau siku hizi ni moja kwa moja, Kenya Airways walianza Oktoba 2018 na ile ndege yao ya Dreamliner, kabla ya hapo lazima ungebadilisha ndege mahali.

Kwenda kunazidi kurudi kwa sababu ya upepo. Huko juu, kilomita kama kumi hivi, kuna upepo mkali unavuma kutoka magharibi kuelekea mashariki, na wakati wa baridi yao ndio huwa mbaya zaidi. Kwenda unakupiga usoni, kurudi unakusukuma mgongo.

Kitu watu hawakuambii ni giza. Utaondoka usiku wa manane, ndege inakimbia magharibi na usiku nao unaelekea huko huko, jua liko nyuma linakufukuza na linachelewa kukushika, kwa hiyo karibu safari yote ni usiku. Usikae macho ukingoja kupambazuke. Kula, lala, amka utembee kidogo miguu isivimbe.

Sasa hiyo mambo ya kupanda basi la asubuhi Kisumu siku hiyo hiyo ya ndege mimi sikubali, basi lenyewe ni masaa saba au nane kama Nakuru hakuna jam, na ukiongeza foleni za airport utafika kwa ndege umechoka kama umeshasafiri. Toka siku moja mbele ulale kwa shangazi yako, ama upande ndege ya hapa Kisumu, haimalizi saa moja.

Ukitua piga. Kwetu itakuwa saa tisa mchana, nitakuwa soko la Kibuye kwa duka, kelele ni nyingi huko kwa hiyo piga mara mbili.

Mamako