Tabaka la maji msilimwage

Wadogo zangu, jana nimemdaka mmoja wenu mkono, koki ya faneli ya kutenganishia maji na etha ikiwa juu kabisa ya chupa ya taka. Nikaona niandike kabla sijapandisha sauti.

1. Pigeni hesabu kwanza. Ukijenga molekuli kwa hatua 10 zenye mavuno ya asilimia 80 kila moja, zinakuachia kama asilimia 11 tu. Molekuli ya tropinoni aliyoijenga mkemia Willstätter mwaka 1901 iliishia chini ya asilimia 1. Mkemia Robinson mwaka 1917 akaipata kwenye chombo kimoja.

2. Tabaka lolote lisimwagwe mpaka mali, yaani kile unachokitengeneza, iwe kwenye chupa na NMR (kipimo cha kuitambua molekuli) imekubali. Mimi nilikuwa hatua ya 9 kuelekea kwinini, kwenye kipande chenye piperidini, pete yenye naitrojeni. Boc, kifuniko cha kuikinga naitrojeni hiyo, nilikuwa nimeitoa kwa asidi, ikabaki amini tupu. Gramu 1.2, jasho la miezi saba. Nikatia maji na etha, nikatikisa, nikatoa hewa, nikasubiri. Etha juu, maji chini, mpaka wake umenyooka kama uzi. Miezi yote ile mkono ulishazoea kwamba mali iko kwenye etha, basi nikafungua koki, maji yote yakaingia takani. Etha nikaipeleka kwenye rotavepa, mashine ya kuivukiza. Ilipokauka, chupa ilikuwa na ukungu wa mafuta tu, hata miligramu 10 haifiki.

Amini ndani ya asidi ni chumvi, na chumvi hukaa majini. Nilikuwa nawafundisha wengine hilo! Nikakimbilia chupa ya taka na sodiamu haidroksaidi mkononi, mwenzangu akanivuta shati: humo mna asetoni na kloroformu, ukitia besi kali inalipuka. Nililia pale pale kwenye kabati la moshi. Nilirudi hatua ya 1.

3. Maji yenye chumvi hiyo yapandisheni kwa besi hadi pH 12, chumvi irudi kuwa amini, ndipo muivute kwa kiyeyushi cha daikloromethani, mara tatu.

4. Doa la amini likiburuta mkia kwenye TLC (kibamba cha kupimia usafi), tieni triethilamini kidogo kwenye kiyeyushi.

5. Kila hatua bakizeni miligramu 20 kwenye friji, na mmenyuko mgeni msiutilie mzigo wote. Lebo iandikwe kwa penseli. Wino unafutwa na asetoni.

Na wewe wa jana, maji yako yako rafu ya chini ya friji, nimeyaandika jina lako. Njoo saa mbili asubuhi tuyatie besi pamoja.