Kuhusu Hizo Saa Zako Saba

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma mara ya kwanza bila miwani nikafurahi. Uliandika, "Mama usihofu, nalala saa saba, kumi na moja niko macho, na moyo unadunda kama kawaida." Nikamwambia baba yako, umeona, mtoto ameanza kusikia, analala saa saba nzima. Akauchukua ujumbe, akausoma, akanirudishia bila neno. Nikavaa miwani. Kumbe saa saba yako ni ile ya usiku wa manane. Kutoka hapo hadi kumi na moja alfajiri ni saa nne, na katika hizo nne bado sijatoa dakika unazoiangalia simu ukiwa umeshajifunika. Mimi nimefunga hesabu za watu miaka 27, mwanangu. Hiyo haipiti.

Halafu ukauliza mambo mawili. La kwanza, mimi na baba yenu tulikuwa tunalala saa ngapi enzi zile za kuwalea na kufanya kazi, na mbona tuko wazima. La pili, ukilala mpaka mchana Jumamosi na Jumapili, deni si linakuwa limelipwa?

La pili ni fupi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, waliwalaza vijana wenye afya zao saa 5 kwa usiku. Kundi moja likaruhusiwa kulala litakavyo mwisho wa wiki. Waliporudi kwenye usiku mfupi, wakawa wanakula-kula tena usiku, uzito umepanda, na insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu, inafanya kazi vibaya mwilini mwao kuliko walivyoanza. Kwa hiyo hiyo Jumamosi yako ilale kwa raha zako, lakini usiniandikie kuwa ni malipo.

La kwanza ndilo lililoninyima usingizi, na uniwie radhi kwa neno hilo.

Tulikuwa tunalala kama wewe. Mimi mwisho wa mwaka, hesabu zikikataa kulingana. Baba yako karibu mwaka mzima, maana zabuni hazikuisha. Ile meza ya sebuleni iliyojaa michoro mnaikumbuka nyote. Kilichonikaa rohoni ni hilo "mbona mko wazima." Umelisema kama mtu aliyekuwepo. Wewe mwaka ule ulikuwa chuoni, mwaka wa kwanza, una mitihani, na sisi tulikupigia simu tukakuambia presha ya baba imepanda kidogo, ameshapewa dawa, soma. Dada yako alitaka kukuambia yote, mimi nikamkataza. Basi sasa nakuambia.

Hakupandwa na presha kidogo. Alikuwa kwenye kikao, ana miaka 51, anaeleza makadirio ya mradi, kifua kikambana na mkono ukawa mzito mpaka kalamu ikamtoka. Walimbeba wenzake wawili. Nilipofika nilimkuta ana rangi ya majivu, na alichoniuliza ni kama zabuni imewasilishwa. Nilimpenda na kumchukia kwa dakika hiyo hiyo moja.

Moyo ulikuwa haujafa, mshipa mmoja tu ndio uliokuwa umebanwa, wakashughulika nao. Lakini presha ikakataa kushuka. Dawa moja, ya pili, ya tatu, bado. Wakamfunga kile kipimo cha saa 24, kinachoukaba mkono mchana kutwa na usiku kucha kikiandika. Majibu akatusomea daktari mmoja kijana, umri wako wa sasa. Akasema kwa mtu wa kawaida presha ya usiku hushuka asilimia 10 hadi 20 chini ya ile ya mchana. Moyo hupunguza mwendo, mishipa hulegea, ndipo unapopumua. Ya baba yako ilikuwa 160 mchana, na usiku 164.

Kisha yule kijana akaweka karatasi chini, hakumtazama baba yako, akanitazama mimi. Akauliza, "Mama, wewe unalala naye. Usiku huwa unasikia nini?"

Mwanangu, sikuwa na jibu. Nilikuwa silali naye. Nilikuwa na miaka sita chumbani kwa dada yako.

Sasa ile kanda. Najua unajua kanda ipi. Ulikuwa na miaka 12 ulipoingiza redio chini ya kitanda chetu ukarekodi baba yako akikoroma, kisha ukaipiga mbele ya mashangazi na wajomba wote, watu wakagaragara. Baba yako mwenyewe alicheka mpaka akatoa machozi, na aliyecheka kuliko wote ni mimi. Wiki iliyofuata nikahama chumba. Nilisema wazi, na mlinisikia, mimi nina kazi, nahitaji usingizi, siwezi kulala na trekta. Kila mtu aliona ni busara.

Dada yako ameihamishia kanda ile kwenye simu. Mwaka jana niliisikiliza peke yangu, na saa ya ukutani mbele yangu. Kuna mkoromo, mkoromo, mkoromo, halafu kimya. Nikahesabu kimya kile sekunde 24. Kisha anashtuka kwa kishindo kama mtu aliyeibuka kutoka majini, na mkoromo unaanza upya. Na nyie ndani ya kanda hiyo mnasikika mkijizuia kucheka. Mnacheka pale penye kimya, mnamsubiri ashtuke.

Walipompima usingizi walikuta pumzi inakatika mara 38 kwa saa moja. Koo linalegea, njia ya hewa inajifunga, oksijeni inashuka kwenye damu, mwili unaogopa unamwaga adrenalini, presha inaruka, anashtuka nusu bila hata kujua ameshtuka, analala tena. Mara 38, kila saa. Daktari alisema ni kama mtu anayekimbizwa usiku kucha, asubuhi anaamka anasema amelala vizuri, ila amechoka kidogo. Na sisi tulidhani uchovu ule ni zabuni.

Mnaniigaga mkisema kwa sauti yangu ya puani, "Moyo haupewi likizo, hupewa usiku." Igeni tu. Unapiga karibu mara 100,000 kwa siku, haujawahi kuomba ruhusa hata dakika moja tangu hujazaliwa. Ule usiku ndio peke yake unaolegezewa kamba. Ukiuchukua na huo, umeuachia nini?

Hapa baba yako angeniambia, mama watoto, punguza. Na kweli kuna mahali napaswa kujipinga mwenyewe, maana mhasibu anayeficha safu moja si mhasibu.

Baba yako alikuwa anavuta sigara. Baba yake mzazi alikufa na presha, na sidhani kama mzee yule aliwahi kukesha kwa sababu ya kazi. Kwa hiyo nikikuambia kuwa ni usingizi uliomwangusha, nimeongeza chumvi. Mwaka 2011 walikusanywa pamoja watu zaidi ya 470,000 kutoka tafiti za nchi 8. Waliokuwa wakilala muda mfupi walikuwa na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 48. Nilimsomea baba yako kwa sauti ya ushindi. Akaniomba niendelee kusoma, na chini kidogo pameandikwa kuwa na wanaolala mno nao walikuwa na hatari zaidi. Akashangilia kama timu yake imefunga. Basi nami nakubali, anayelala kidogo huenda pia ana mawazo, anavuta, hafanyi mazoezi, na mtu anayelala saa 10 huenda tayari ni mgonjwa. Hesabu za namna hiyo hazimtaji mtu kwa jina.

Najitetea pia kwamba tusingejua. Shirika la Moyo la Marekani lilipotoa mwaka 2010 orodha yake ya mambo 7 ya kulinda moyo, usingizi haukuwemo. Sigara imo, uzito umo, sukari imo. Usingizi waliuongeza mwaka 2022, ukawa wa 8, na kwa mtu mzima wakaandika saa 7 hadi 9. Kama wao walichelewa hivyo, mimi ningeanzia wapi? Lakini utetezi huo naujua mwenyewe ulivyo. Ile kanda ilikuwa ndani ya nyumba. Haikuhitaji orodha.

Na zabuni zile ndizo zilizowasomesha. Angelala saa zake zote, wewe ungekuwa wapi leo? Swali hilo nimelilalia miaka mingi. Kuna siku najibu hivi, kuna siku najibu vile, na siku zote mbili naona nina haki.

Mashine yake unaijua, ile ya kupuliza hewa puani, ingawa wewe ulidhani ni ya mafua. Wageni wote huambiwa historia yake: daktari wa Australia, Colin Sullivan, mwaka 1981, alitumia mota ya mashine ya kufyonzea vumbi akaigeuza ipulize badala ya kuvuta, na hewa ile ikashikilia koo lisijifunge. Baba yako husimulia kana kwamba alikuwepo na ndiye aliyeshika waya. Usiku wa kwanza kuivaa niliogopa kwa sababu sikusikia chochote. Nililala kando yake, nimerudi chumbani baada ya miaka sita, nikawa nanyoosha mkono kila mara kugusa kifua chake. Asubuhi akaamka akaniuliza leo ni Jumapili? Nikamwambia ni Jumanne. Akasema anajisikia kama Jumapili. Baada ya miezi michache presha ilianza kusikia dawa.

Dada yako, ambaye siku hizi hunitumia tafiti kama wengine wanavyotuma picha za watoto, amenikumbusha kuwa mwaka 2016 ulitoka utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 2,600 wenye tatizo hilo la pumzi kukatika usingizini na maradhi ya moyo au kiharusi. Waliopewa mashine hawakupungukiwa na mishtuko ya moyo kuliko waliokosa. Nilikasirika siku nzima. Halafu nikasoma mpaka mwisho nikaona kuwa kwa wastani walikuwa wakiivaa saa 3 na kidogo kwa usiku. Saa tatu! Hata hiyo mashine, mwanangu, inahitaji mtu aliyelala.

Sasa, kile cheo. Ulikitaja katikati ya sentensi nyingine, kama mtu anayepitisha kitu mlangoni wakati wenye nyumba wanasalimiana. Kwamba utakuwa mkuu wa idara, kwamba vikao na wenzenu wa ng'ambo vitakuwa usiku, kwamba ni kwa muda tu. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu yao mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 na zaidi kwa wiki, ukimlinganisha na wa saa 35 hadi 40, hatari yake ya kiharusi huzidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo asilimia 17. Nimejaribu kuzihesabu saa zako kwa ujumbe unaonitumia na muda ulioutuma. Nilipofika 60 niliacha.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Hawakusema mwana mwenyewe akiwa na miaka 34, ana ndevu na watoto wawili, afanywe nini. Nimeandika sentensi moja hapa kuhusu cheo hicho, nikaifuta. Nikaiandika tena, nikaifuta. Wewe si baba yako, na mimi sikumwambia baba yako pia. Kikatae, kikubali, nitakuja kwenye sherehe na nitavaa vizuri. Lakini kabla ya kusaini chochote, nenda kapimwe presha, na ukiambiwa iko juu omba kile kipimo cha saa 24, cha mchana peke yake kisikuridhishe. Kahawa ya jioni acha; kafeini ya saa kumi na mbili, ukifika saa tano usiku karibu nusu yake bado imo mwilini. Na mwulize mkeo. Kukoroma unakoroma, hilo tunalijua tangu mlipokuja likizo. Mwulize kama kuna wakati unanyamaza, na unanyamaza kwa muda gani. Kama atakuambia amehamia chumba cha watoto, nipigie simu usiku huohuo, sijali ni saa ngapi.

Baba yako ameshavaa kidude chake na ananiashiria nizime taa. Ameniuliza naandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia orodha ya mahitaji ya nyumbani, basi naomba ukimpigia Jumapili usinitaje.

Mama yako