Mswada uliosubiri mpaka daraja likajengwa

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliwauliza wasomaji wanaoandika riwaya: "Ulijuaje ni riwaya ya aina gani inayokufaa, na nini kilikufanya usikate tamaa kabla haijachapwa?" Mliomba majibu mafupi. Mimi ni mwalimu, mtanivumilia.

Nafundisha Kiswahili sekondari, huku Sengerema, na kazi hiyo hiyo ndiyo iliyonipoteza njia. Ukishasahihisha kwa miaka maswali ya "kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, jadili dhamira", unaanza kuamini kuwa riwaya huzaliwa na dhamira. Mwaka 2011 nilinunua kaunta buku, na katika ukurasa wa kwanza, kabla sijapata hata mtu mmoja wa kumsimulia, nikaandika: rushwa, ukombozi wa mwanamke, nafasi ya vijana katika ujenzi wa jamii mpya. Kisha nikaanza kutafuta wahusika wa kubeba mizigo hiyo. Kijana mwema nikamwita Tumaini. Mla rushwa nikamwita Bwana Tumbo. Mwishoni Tumaini anasimama mbele ya wanakijiji na kuhutubia kurasa nne nzima, wala hakuna anayekohoa.

Nilikuwa naandika majibu ya mtihani kabla mtihani haujatungwa.

Nikalipia kuchapiwa steshenari, nikautuma mswada kwa mchapishaji mmoja Dar es Salaam. Jibu lilichukua miezi kumi na minne: hapana. Ila mhariri aliurudisha ukiwa na alama moja ya penseli, pembeni mwa sura ya saba: "Hapa ndipo nilipoamka." Nilikasirika. Sura ya saba haikuwa na ujumbe wowote. Ilimhusu mzee mkulima wa pamba anayeshuku mizani ya karani wa ushirika. Anampeleka mjukuu wake zahanati akapimwe uzito, wanaambiwa kilo 11. Wakitoka hapo anapita naye kwenye ghala la pamba, anamning'iniza kwenye mizani ya karani. Kilo 9. "Mjukuu wangu kapungua kilo mbili njiani," anasema, "na hata hajajisaidia." Basi. Niliiandika jioni moja nikicheka peke yangu, nikaiona kama mapumziko kabla ya kurudi kwenye mambo ya maana.

Dalili ya pili ilikuja darasani. Nilimnyang'anya mwanafunzi kitabu alichokuwa akisoma chini ya dawati, kimechakaa, jalada limeshang'oka, cha upelelezi. Nia yangu ilikuwa kukifungia ofisini hadi shule ifungwe. Usiku huo umeme ulikatika, nikakimaliza kwa tochi ya simu. Asubuhi nikamrudishia mwenyewe bila neno. Naam, neno lilikuwepo: nilimuuliza kama ana kingine. Alikuwa navyo vitatu.

Hapo ndipo nilipoanza kujichunguza. Rafu yangu ya sebuleni ilijaa riwaya dhati, yaani zile nzito zenye ujumbe. Riwaya pendwa, yaani za kuburudisha, za upelelezi hasa, zilikaa chini ya kitanda, kwenye boksi la sabuni. Wahakiki wetu ndio waliotupa majina hayo mawili, na mimi nilikuwa nikiyafundisha kama mtu anayetenganisha halali na najisi. Kumbe mlango wa riwaya za upelelezi tuliufungua wenyewe, mapema sana. Mshindi wa mashindano ya uandishi wa hadithi ya 1957/58, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, shirika la vitabu la enzi za ukoloni, alikuwa Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar, pamoja na mpelelezi wake Bwana Msa, kiko mkononi. Kitabu kikatoka 1960, Tanganyika haijapata hata uhuru. Abdulla kabla ya kuingia kwenye magazeti alikuwa mkaguzi katika idara ya afya, na mimi napenda kuamini kuwa ukaguzi huo ndio uliomzoeza kuchungulia nyua za watu. Baadaye wakaja wahusika wengine wa namna hiyo, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, ambao nusu ya walimu ninaowafahamu waliwasoma kwa siri wakiwa vyuoni.

Kwa hiyo kwa anayetafuta aina yake, mimi ningemshauri aangalie chini ya kitanda kwanza.

Mwaka 2016 nikaanza upya. Safari hii sikuandika dhamira. Niliandika swali: mtu amekufa Busisi usiku, na anayeshukiwa ameonekana Kigongo usiku huo huo, ng'ambo ya maji, kivuko kimeshafunga. Alivukaje? Mtunzi wa upelelezi anahitaji mahali panapofungika, na mimi nilikuwa na Ziwa Victoria. Jumamosi nilipanda kivuko kwenda na kurudi bila shughuli yoyote, nikipima kwa saa ya mkononi magari yanachukua muda gani kupakiwa, nani hushuka kwenye basi na nani hubaki, wauza samaki wanasimama wapi. Mabaharia walidhani nimetumwa na serikali.

Rasimu ya kwanza ilikuwa mbovu, na niliijua ubovu wake kwa namna ya aibu. Mwaka 2019 nilianza kuitoa sehemu kwa sehemu kwenye kundi la WhatsApp, Sh1,000 kwa mtu, wakalipa kama watu 60. Sehemu ya sita tu, fundi cherehani mmoja akaandika: "Madamu, muuaji ni shemeji." Alikuwa amepatia. Nikawaambia wote kuna hitilafu ya mtandao, nikapumzika wiki mbili nikibadilisha muuaji. Pale nilijifunza jambo ambalo vitabu vya nadharia havikunifundisha: dalili usiifiche, iweke mezani mchana kweupe, ila msomaji awe anaangalia kitu kingine. Kwa fundi yule niliweka ugomvi wa mahari. Aliung'ang'ania hadi sehemu ya ishirini, na funguo za mtumbwi zikampita mbele ya macho.

Wachapishaji? Mmoja alitaka nimlipe Sh milioni 3.5 ndipo "anichapishie". Mwingine aliuliza kitabu kitapata ithibati ya kutumika shuleni au la, nikamwelewa, maana kwetu mchapishaji anakula shuleni; riwaya ya maiti na mtumbwi haimlipii kodi ya ofisi. Wa tatu hajajibu mpaka leo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipoanzishwa niliwasilisha mswada, sikuwa miongoni mwa washindi. Lakini bila tarehe yake ya mwisho nisingemaliza sura tatu za mwisho, na nawashauri waandishi washiriki tuzo hata kwa sababu hiyo peke yake.

Mnauliza nini kilinizuia kukata tamaa. Ningependa kusema ni moyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekula elfu moja moja za watu sitini. Kila nikienda sokoni nakutana na mmoja: "Madamu, kitabu?" Deni la namna hiyo halikuachi ulale.

Mkataba nikaupata 2024, mrabaha, yaani mgawo wangu katika mauzo, asilimia 10. Nikafurahi, nikachinja kuku. Kisha Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, kilomita 3 za zege juu ya maji yangu. Mhariri wa kitabu akanipigia: "Madamu, daraja." Nikamwambia naliona. Muuaji wangu sasa anavuka kwa bodaboda, na fumbo lote limekwisha. Nilisubiri mchapishaji muda mrefu kiasi kwamba serikali ilitangulia kumaliza kazi yake.

Tukakubaliana hadithi irudi nyuma hadi 2017. Nikafuta nguzo za daraja nilizokuwa nimezipachika sura ya tatu mwaka 2021 ili hadithi ionekane ya kisasa, pamoja na mafundi na mitambo yao.

Sasa prufu, kurasa za kusahihisha kabla ya kuchapwa, ziko mezani. Swali lililobaki la mhariri ni kwamba usiku wa mauaji sura ya pili ina mbalamwezi na sura ya tisa ina giza totoro, na ni usiku mmoja. Nimeazima kalenda ya 2017 kwa mzee jirani, ile yenye tarehe za Kiislamu. Usiku niliouchagua, wa Mei, unaangukia 14 Shaabani, mwezi mpevu. Mhariri anataka nifute giza. Mimi nafikiria kuleta mawingu, maana Mei huku mvua bado zipo, na mtumbwi unahitaji giza.

Mwalimu, Sengerema