Get, obtain, acquire, receive: usiogope kutumia get

Umeuliza kama kutumia get kila mara kunakufanya uonekane hujasoma, na kama bora useme obtain au acquire. Hapana kabisa! Kwenye kuongea get ndo inatumika zaidi, wenye Kiingereza chao wanasema I got a letter, she got a new job, I'm getting hungry na hakuna anayeshtuka, ila ukisema I obtained a phone wanakuelewa lakini inasikika kama ripoti ya polisi. Obtain iache kwenye maandishi ya kiofisi, mfano obtain a permit, yaani kitu chenye utaratibu wa kufuata mpaka ukipate. Acquire inaendana na vinavyokuja taratibu kama ujuzi au lugha, au kampuni ikinunua kampuni nyingine. Receive ni kupokea tu.

Sasa kinachochanganya kweli ni got na gotten, yaani get inavyobadilika ikija baada ya have. Kusema nimekuwa bora zaidi, Marekani wanasema I've gotten better, Uingereza I've got better, lakini I've got a car hata kwa Mmarekani maana yake nina gari, sio kwamba nimelipata jana, kwa hiyo hii I've got ya nina ndo uifanyie mazoezi kwanza maana utaisikia sana.