Halloween ya Nyumbani kwa Dola 60: Pesa Iende Wapi

Oktoba ikianza tu, maduka ya hapa Iowa, Marekani, hujaa mifupa ya plastiki yenye kimo cha mtu mzima, mashine za kutoa moshi na mavazi ya watoto ya dola 30 na zaidi, ambayo mtoto atayavaa jioni moja tu. Mzazi mwenye watoto watatu akiingia humo bila mpango, hesabu ya mwezi mzima inayumba. Mimi naandaa Halloween nyumbani kwetu Des Moines tangu wanangu walipoanza shule, na bajeti yangu kwa watoto 12 ni dola 60, chakula kikiwemo. Inatosha. Watoto usiku ule wa tarehe 31 Oktoba, wanapovaa mavazi ya kutisha na kuzunguka nyumba za majirani kuomba pipi, wanataka giza na wanataka wenzao, halafu wanataka pipi. Giza ni la bure, na wenzao wanakuja kwa miguu yao. Kwa hiyo pesa nyingi naielekeza kwenye chakula na pipi, mapambo yanapata kinachobaki.

Kabla sijafika kwenye matumizi, niseme kuhusu imani, maana najua wengi mnalo moyoni. Sherehe hii ilitokana na Samhain, sikukuu ya Wakelti wa Ireland na Uskoti ya kufunga mavuno na kuingia majira ya baridi, ikaja kukutana na mkesha wa Watakatifu Wote wa tarehe 1 Novemba. Waayalandi waliohamia Marekani karne ya 19 ndio walioieneza huku, na desturi ya kuchonga sura kwenye mizizi ya tanipu ikahamia kwenye maboga, kwa kuwa maboga yalikuwa tele. Zipo familia za Kikristo na za Kiislamu zisizotaka kabisa kuigusa, na haki yao naiheshimu. Mimi kwangu siweki jeneza, siweki damu wala sanamu ya shetani. Nawapigia wazazi simu mmoja mmoja, nawaeleza kitakachokuwepo, kisha nawaachia waamue. Mzazi akisema hapana, mwanawe namwalika chakula Jumamosi nyingine ya Novemba, ili asijione ametengwa na wenzake. Msisambaze tangazo kwenye kundi la WhatsApp halafu mkategemea kila mtu ameelewa. Pigeni simu.

Muda ndio unaookoa pesa kuliko kitu chochote. Desturi ya Des Moines ni kwamba watoto huzunguka nyumba hadi nyumba kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili usiku. Mimi wageni nawaita saa kumi. Wakifika wanacheza, saa kumi na moja wanakula chakula cha kushiba, ndipo tunatoka nao mitaani, wazazi wawili mbele na wawili nyuma. Mtoto aliyeshiba sambusa hali pipi kwa pupa, na pipi nyingi anazorudi nazo amepewa na majirani. Kwa hiyo mimi mwenyewe sina haja ya kununua mlima wa pipi. Kama mnaishi kwenye maghorofa ambako watoto hawagongi milango, tafuteni kanisa au shule ya jirani wanaoegesha magari na kugawa pipi kutoka kwenye buti. Ni bure, na pamewashwa taa.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipenda zaidi. Des Moines ina desturi yake: kuanzia mwaka 1938 mji ulitenga usiku wa tarehe 30 Oktoba, Usiku wa Ombaomba, na kwa miaka mingi watoto walizunguka usiku huo badala ya ule wa 31. Nia ilikuwa kupunguza fujo na uharibifu wa vijana. Mpaka leo mtoto wa hapa hapewi pipi bure mlangoni. Sharti atoe kichekesho au kitendawili kwanza. Nilipoiona desturi hii nilifurahi sana, kwa sababu ni mchezo tuliokulia nao. Basi kwangu, kabla hatujatoka, mtoto mmoja anasimama kwenye mlango wa chumba na bakuli la pipi, wengine wanapanga mstari.

“Kitendawili!”

“Tega!”

“Nyumba yangu haina mlango.”

Anayejua anajibu “yai”, anachukua pipi, anapita. Asiyejua anaombwa mji, kama ilivyo ada. Hapo ndipo watoto wa Kimarekani wanapochangamka, maana wanatoa Chicago yote, wanatoa Omaha, na mwanangu anawasimulia kwa madaha jinsi alivyofika Chicago akala, akanywa, akalala kwenye ghorofa refu, ndipo anatoa jibu. Andikeni vitendawili vichache kwenye vikaratasi, upande mmoja Kiswahili na upande wa pili Kiingereza. Popoo mbili zavuka mto ni macho. Kuku wangu katagia mibani ni nanasi. Watoto wetu wengi huku Kiswahili wanakisikia wakiitwa kula na wakikaripiwa tu. Usiku huo wanakitumia kwa furaha mbele ya marafiki zao, na mimi kwa hilo peke yake ningeandaa sherehe kila mwaka.

Mapambo. Kuanzia Septemba nyumba yetu haitupi madumu ya maziwa ya plastiki, yale meupe ya galoni. Yaosheni kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu ya maziwa iishe, yaacheni yakauke bila kifuniko. Kwa kalamu nyeusi ya wino mzito mtoto anachora macho mawili makubwa na mdomo wa duara upande usio na mkono. Nyuma, karibu na kitako, mtu mzima anakata tundu la ukubwa wa kiganja, na humo mnapitisha waya wa taa za Krismasi mlizonazo tayari. Mkiyapanga manne au matano pembeni mwa ngazi na kuzima taa nyingine zote, plastiki ile inatoa mwanga hafifu, mweupe kama wa mwezi, na sura zile zinaonekana kweli kama zinakutazama. Tumieni taa za umeme au za betri tu. Mshumaa wa moto na plastiki havikai pamoja, na nguo za sherehe zinashika moto haraka. Popo tunawakata kwenye karatasi nyeusi. Utando wa buibui ni pamba iliyovutwa mpaka ikawa nyuzi, nao uwekeni ndani ya nyumba, kwa sababu nje ndege hunaswa. Haya yote, pamoja na tishu za chooni za mchezo nitakaoueleza, hayazidi dola 8.

Maboga yana siri zake. Bei huwa juu mwanzoni mwa Oktoba na hushuka kadiri tarehe 31 inavyokaribia, nanyi mnalihitaji bichi, maana boga likishachongwa huanza kuoza ndani ya siku chache. Nunueni moja kubwa la kuchonga, lichongwe na mtu mzima au kijana mkubwa, na vidogo vidogo vya watoto kupaka rangi. Kilichopakwa rangi bila kutobolewa hukaa wiki kadhaa. Tundu la kutolea matumbo ya boga likateni chini au nyuma badala ya juu, na kikonyo kitabaki kizima. Kisha kwangueni ndani kwa kijiko cha chuma mpaka ukuta wa mbele uwe mwembamba kiasi. Kisu kitapita bila kulazimishwa.

Mbegu msizitupe! Zioshwe, zichemshwe dakika 10 kwenye maji ya chumvi, zikaushwe kwa kitambaa, zipakwe mafuta kidogo na kutandazwa kwenye trei. Oveni iwe nyuzi 350 za Farenihaiti, na baada ya kama dakika 15 muanze kuzikagua, mkizigeuza, mpaka ziwe na rangi ya dhahabu na zilie mdomoni. Mimi huongeza pilipili ya unga na kukamulia ndimu zikitoka. Watu wazima wanaowasindikiza watoto huzimaliza kabla hata ya sambusa. Lakini msilipike boga la kuchonga mkitarajia boga la nazi. Hayo makubwa yamekuzwa kwa sura, nyama yake ni ya maji na nyuzi nyuzi. Kwa futari tafuteni yale madogo, mazito, yanayouzwa kwa ajili ya pai. Yale yana utamu unaokaribia wa nyumbani.

Chakula changu hakibadiliki: sambusa za nyama ya kusaga iliyochanganywa na viazi, bisi za sufuriani, na soseji za ng'ombe zilizozungushiwa vipande vyembamba vya unga kama bandeji, zikaokwa, zikawekewa macho mawili ya punje za pilipili manga. Hizo punje ziondoeni kabla mtoto mdogo hajala. Kinywaji chekundu cha kutisha ni juisi ya choya. Msihangaike kutafuta duka la Kiafrika. Maduka ya Wamexico huuza maua yake makavu kwa mafungu, wao wanayaita jamaica. Chemsheni na tangawizi, chujeni, tieni sukari, ipoe. Inagharimu kidogo kuliko soda na inatosha watoto wote.

Kama kuna wageni Waislamu, soseji na nyama ziwe halali, na pipi zisomwe pakiti: nyingi zile laini za kutafunika zina jelatini, na hapa Marekani mara nyingi inatokana na nguruwe. Ulizeni pia kuhusu mzio wa karanga na maziwa. Kuna desturi nzuri, iliyoanzia Tennessee mwaka 2012, ya kuweka mlangoni boga la rangi ya bluu-kijani kuonyesha kwamba nyumba hiyo ina zawadi zisizo za kula. Mimi huweka kalamu na stika kwenye bakuli la pili, na mtoto mwenye mzio hanyimwi furaha.

Mavazi nayapitia haraka: msinunue mapya. Goodwill na maduka mengine ya mitumba huyapanga kuanzia Septemba, na watoto wa jirani wana ya mwaka jana yasiyowatosha, kwa hiyo badilishaneni. Chagueni lenye nafasi ya kuvalia sweta ndani, maana jioni ya mwisho wa Oktoba huku baridi inauma. Sharubu za paka huchorwa kwa wanja. Na tafadhali, msiwavishe watoto wa watu shuka la Kimasai na rungu wakaitwa mzimu. Hayo ni mavazi ya watu walio hai.

Mchezo wa tishu ni kugawa makundi mawili, kila kundi linamzungushia mwenzao mmoja karatasi kuanzia miguuni mpaka mabegani, wa kwanza kumaliza anashinda. Mwingine ni boksi lenye tundu: ndani kuna bakuli la tambi zilizopoa na zabibu mbichi zilizomenywa, mtoto anaingiza mkono bila kuona na kuambiwa ni utumbo na macho ya zimwi. Kelele zake zinasikika mpaka nyumba ya tatu.

Tukirudi kutoka mitaani, taa zinazimwa yanabaki madumu tu, na mtu mzima mmoja anaita paukwa, watoto wanaitika pakawa. Mimi husimulia ya binti aliyerudi peke yake ufukweni kuchukua kombe lake, zimwi likamtia ndani ya ngoma na kumzungusha vijijini aimbe. Nashika ndoo kama ngoma, watoto wanashika kiitikio. Mkiwa na mgeni anayejua kusimulia vizuri zaidi yenu, mpeni nafasi hiyo, na mwambieni mapema ajiandae, kwa sababu hadithi ya kubahatisha inawapoteza watoto haraka. Wadogo chini ya miaka mitano wakae na mama zao wakati huo.

Pipi nanunua za dola 20, tunagawana mfuko mkubwa wa jumla na rafiki. Zikipungua msikimbilie dukani usiku huo huo. Tarehe 1 Novemba asubuhi maduka mengi huziuza nusu bei pamoja na taa na karatasi, na hapo ndipo mimi hununua vya mwakani: taa za betri kwanza, halafu pipi ngumu zinazokaa. Chokoleti ichukueni ya kutumia Novemba hiyo hiyo tu.