Kiwanda kilichofungwa milimani: anza na paa, kisha tafuta wapangaji

North Adams ni mji mdogo katika milima ya Berkshire, magharibi mwa jimbo la Massachusetts, Marekani. Majengo ya matofali yaliyo kando ya mto Hoosic yalikuwa ya Arnold Print Works, waliochapa vitambaa hadi 1942. Kisha wakaingia Sprague Electric, watengenezaji wa kapasita (vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme), ambao katika miaka ya 1960 waliajiri watu zaidi ya 4,000 kwenye mji wenye wakazi wapatao 18,000. Sprague walifunga kiwanda mwaka 1985. Tangu 1999 majengo hayo ni makumbusho ya sanaa ya kisasa, MASS MoCA. Kama mji wenu umeachiwa kiwanda kitupu, hapa pana mengi ya kujifunza, yakiwemo yanayouma.

Kazi ya kwanza ni paa na gata, hata kabla ya kuamua jengo litakuwa la nini. Maji yanayovuja huteremka ndani ya ukuta na kuozesha ncha ya boriti pale ilipochomekwa kwenye matofali, mahali jicho halifiki. Toboa kila ncha karibu na ukuta kwa keekee nyembamba. Unga ukitoka mweupe na wenye nyuzi, mbao ni nzima. Ukitoka wa kahawia, na keekee ikazama bila kukaza, boriti imeoza. Kipimo cha unyevu kikisoma zaidi ya asilimia 20, hatari ya kuoza bado ipo hata kama mbao inaonekana safi.

Kuna mtego mwingine huko juu. Paa la zamani lisilozuia joto huyeyusha theluji kwa joto linalopanda kutoka ndani. Ukiliwekea kizuia joto, theluji inabaki na kurundikana, na kenchi zinabeba mzigo ambao hazijawahi kuubeba. Mhandisi apige hesabu ya uzito huo kwanza, na kizuia joto kinunuliwe baadaye.

Kwenye kuta, adui mkubwa ni saruji. Matofali ya karne ya 19 ni laini na yalijengwa kwa mota (mchanganyiko wa kuunganishia matofali) ya chokaa, ambayo hupitisha unyevu. Fundi akiziba viungo kati ya matofali kwa mota kali ya saruji, maji hayana tena njia ya kutokea isipokuwa kupitia tofali lenyewe. Baridi ikija yanaganda, yanatanuka, na uso wa tofali unabanduka kama ganda. Hapo hakuna dawa ila kubadilisha tofali. Mchanganyiko unaofaa kuta nyingi za aina hii ni sehemu 1 ya saruji, 2 za chokaa na 8 au 9 za mchanga; tofali likiwa laini sana, tumia chokaa na mchanga peke yake. Kwangua mota ya zamani kwa patasi na nyundo hadi kina cha mara 2 au 2.5 ya upana wa kiungo. Grinda inakula kingo za tofali, hasa kwenye viungo vya wima. Usijaze viungo joto likiwa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi. Wala usikubali ukuta usafishwe kwa kupuliziwa mchanga: utang'aa siku ya uzinduzi, lakini ngozi ngumu iliyotokana na tanuri itakuwa imeondoka.

Sumu zipimwe kabla ya kusaini mkataba wa kununua. Palipotengenezwa kapasita kabla ya 1979, mwaka ambao Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wa PCB, mafuta yenye sumu yaliyotiwa ndani ya kapasita, chukua sampuli za sakafu yenyewe, kwa sababu mafuta hayo huzama ndani ya mbao na zege. Angalia pia asbestosi kwenye mabomba na madini ya risasi kwenye rangi. Kwa sheria ya Marekani, mnunuzi ambaye hakuchunguza anaweza kubebeshwa gharama za uchafu alioukuta, na sehemu muhimu za uchunguzi huo zisiwe zimefanywa zaidi ya siku 180 kabla ya kununua.

Kuhusu fedha, jengo la kihistoria linaloingiza kipato hupata nafuu ya kodi ya serikali kuu ya asilimia 20 ya gharama zinazokubalika, inayotolewa kwa miaka mitano. Wengi huikosa kwa sababu ya madirisha: wanang'oa fremu za chuma zenye vioo vidogo vidogo na kuweka za alumini kabla michoro haijaidhinishwa. Peleka maombi kwanza, nyundo baadaye.

Msijaribu kukarabati kila kitu kwa mkupuo. Bunge la jimbo liliidhinisha dola milioni 35 kwa MASS MoCA mwaka 1988, na milango ikafunguliwa miaka 11 baadaye, kwa sehemu tu ya majengo. Jengo namba 7 lilifunguliwa 2008 likiwa na michoro ya ukutani ya msanii Mmarekani Sol LeWitt, na namba 6 likafuata 2017. Nafasi nyingine zimepangishwa kwa biashara, na kodi ya pango ni fedha inayoingia hata msimu ambao wageni ni wachache.

Na mji je? Mwaka 1990 North Adams ilikuwa na wakazi 16,797. Mwaka 2020 walibaki 12,961. Makumbusho yalileta wageni na uhai, lakini hayawezi kuajiri watu 4,000, na kiongozi anayewaahidi wananchi hivyo anawaumiza. Isitoshe, daraja la barabara namba 2 limekaa kati ya makumbusho na mtaa mkuu, hivyo ni rahisi kwa mgeni kuegesha gari, kutazama sanaa na kuondoka bila kula chakula mjini. Kwa hiyo lango kuu lielekee mtaa wa maduka, njia ya miguu iwe na taa, na vyumba vya chini vinavyotazama barabara wapewe mafundi na wafanyabiashara wa mji huo huo, kwa mikataba ya angalau miaka mitano ili waweze kukopa benki na kununua mashine.